Aliye Chini ya Unyayo: Makubadhi ya Misri ya Kale na Lugha ya Kukanyaga

Lugha yetu haina uhaba wa majina ya vitu vya miguuni. Tuna kiatu, neno pana linalobeba vyote. Tuna ndara, tuna makubadhi, tuna malapa, tuna mitalawanda ya mti ambayo husikika kabla mvaaji hajaonekana, na tuna kandambili. Katika majina hayo, hili la mwisho hunivutia kuliko yote, kwa kuwa halikitaji kiatu kwa wayo wake wala kwa ngozi yake, bali kwa kanda zake mbili. Aliyelibuni alitambua kwamba kinachokifanya kiatu kuwa kiatu si sehemu inayogusa ardhi, bali ile inayomshika mtu.

Nimeanza na neno hilo kwa sababu safari ya leo ni ya Misri ya kale, ambako kanda ya kiatu huenda ndiyo iliyotumika kuandika neno lenye uzito kuliko mengi: uhai. Sidai kwamba Kiswahili kimerithi jambo hili kutoka bonde la Nili. Ninachodai ni kidogo zaidi, na kwa mshairi naona kina faida zaidi. Wamisri walikifanya kiatu kuwa sentensi. Ukijua nani amevaa, nani amebeba, nani ameshona na nani amechorwa chini ya wayo, umesoma muundo mzima wa jamii yao. Na sentensi hiyo haijatoweka duniani. Sisi wenyewe tungali tunaisema.

Mfalme pekupeku, mtumishi mwenye viatu mkononi

Ushahidi wa kwanza ni wa kale mno. Mwishoni mwa karne ya 19, katika machimbo ya Nekheni, mji ambao Wagiriki waliuita Hierakonpolis, kilipatikana kibao cha jiwe chenye urefu wa sentimita 64 hivi. Kilichongwa yapata mwaka 3100 KK kwa heshima ya Mfalme Narmer, ambaye jina lake limefungamana na kuunganishwa kwa Misri ya Juu na Misri ya Chini. Upande mmoja, mfalme amemshika adui nywele, rungu limeinuliwa juu. Macho ya watazamaji wengi huishia hapo. Lakini nyuma ya mfalme amesimama mtu mdogo kwa umbo, amepewa mstari wake wa kusimamia. Mkono mmoja ana chombo kidogo. Mkono wa pili ameshika jozi ya makubadhi. Ukiitazama miguu ya Narmer, haina kitu. Mfalme yuko pekupeku, viatu vyake viko mkononi mwa mwingine.

Wataalamu wengi huona kwamba mfalme amevua viatu kwa kuwa anatenda tendo takatifu, mbele ya miungu. Mimi naongeza jambo moja la mtu wa lugha. Mchongaji angeweza kuviacha viatu hivyo nje ya picha, kwa maana havitumiki. Hakuviacha. Alimtafutia mbebaji nafasi katika jiwe ambalo nafasi yake ni ya thamani, akamrudia tena upande wa pili wa kibao. Kwa hiyo viatu havikuwa kifaa cha kutembelea tu. Vilikuwa sehemu ya kumtaja mfalme, kama cheo kinavyotangulia jina.

Vizazi vichache baadaye alitawala Mfalme Den. Katika kaburi lake huko Abydos kilipatikana kibandiko kidogo, ambacho leo kipo katika Jumba la Makumbusho la Uingereza mjini London. Upande mmoja mfalme anampiga adui wa mashariki. Upande wa pili pamechongwa jozi ya makubadhi. Kibandiko hicho kilikuwa kimefungwa kwenye viatu vya mfalme, ili vijulikane ni vyake. Hebu litafakari hilo. Alama ya kumilikia viatu imepambwa kwa picha ya mtu anayepigwa. Mapema namna hiyo, kiatu na adui vilikwisha kuunganishwa katika fikra moja.

Kazi ya kubeba viatu vya mfalme haikuwa ya kudharauliwa. Weni, mtumishi mashuhuri wa nasaba ya sita, aliacha maandishi marefu ya maisha yake huko Abydos. Aliamua kesi nyeti za ikulu, akaongoza majeshi, akasimamia usafirishaji wa mawe makubwa. Na katika vyeo anavyovitaja kwa fahari kimo cha kubeba makubadhi ya Mfalme Merenre, ambaye baadaye alimteua kuwa gavana wa Misri ya Juu. Aliyekuwa karibu na miguu ya mfalme alikuwa karibu na sikio lake.

Majani, ngozi na dhahabu

Tuviangalie sasa viatu vyenyewe. Vingi vilikuwa vyepesi: wayo bapa, kanda moja iliyopita kati ya dole gumba na kidole cha pili, na kanda nyingine iliyozunguka juu ya mguu. Mtu aliyekulia Pwani angeitambua malighafi yake bila kuelezwa. Vilisukwa na kushonwa kwa majani ya mtende, kwa majani ya mti wa jamii ya mkoma, kwa mafunjo na kwa nyasi ngumu za jangwani. Mkono uliozoea ukili ungeuelewa mkono uliovisuka. Vingine vilikuwa vya ngozi. Katika kaburi la Rekhmire, waziri mkuu wa Mfalme Thutmose wa Tatu, karibu na Thebe, ukuta mmoja unawaonyesha mafundi wakiwa kazini: huyu anainyoosha ngozi, yule anaikata kwa kisu, mwingine anaitoboa ili apitishe kanda.

Hata hivyo watu wengi hawakuvaa kitu. Katika michoro, wakulima, wavuvi na mafundi wako pekupeku, na hata mabwana wa heshima mara nyingi wamechorwa bila viatu, huku mtumishi akiwafuata na jozi mkononi. Viatu vilikuwa vya safari na vya hadhi. Katika hadithi ya ndugu wawili, iliyohifadhiwa katika hati ya mafunjo ya enzi ya Ufalme Mpya, kaka mkubwa anapopata ishara kwamba mdogo wake amefikwa na jambo baya, huchukua fimbo yake na makubadhi yake, pamoja na nguo na silaha, akaondoka. Msimulizi hakuhitaji kueleza zaidi. Fimbo na viatu vikitajwa, msikilizaji alikwisha kujua kwamba njia ni ndefu.

Kisha kuna dhahabu. Howard Carter alipoligundua kaburi la Tutankhamun mwezi Novemba 1922, alikuta humo viatu vya aina nyingi. Maiti ya mfalme ilikuwa imevishwa makubadhi ya dhahabu, na kila kidole cha mguu kimefunikwa kwa ala yake ya dhahabu. Ila dhahabu hiyo imefinyangwa kwa mistari inayoiga ususi wa majani. Hapo huwa nasimama. Fundi wa mfalme alikuwa na madini yasiyooza, akaona heshima kubwa kabisa anayoweza kuyapa ni kuyafanya yafanane na nyasi. Umbo la kiatu halikutoka kwa mfua dhahabu. Lilitoka kwa msusi.

Unyayo na kanda

Kwa Kimisri cha kale, kubadhi liliitwa kwa neno ambalo wataalamu hulitamka *tjebet*. Maandishi ya Wamisri hayakuonyesha irabu, basi matamshi hayo ni ya makubaliano tu. La muhimu ni kwamba neno hilo hilo lilikuwa na maana ya wayo wa mguu. Kiatu na sehemu ya mwili inayokivaa vilikaa katika jina moja, kana kwamba kubadhi ni ngozi ya pili ya mguu. Sisi nasi tuna neno lenye tabia ya jamaa hiyo: unyayo ni sehemu ya chini ya mguu, na unyayo ni alama inayobaki mchangani baada ya mguu kupita. Mmisri aliuunganisha mguu na kinachouvika. Mswahili aliuunganisha na kinachousalia.

Ipo pia alama ya *ankh*, ile inayofanana na msalaba wenye kitanzi juu, ambayo leo huvaliwa shingoni na watu wa kila taifa. Iliandika neno la uhai, lenye konsonanti tatu, na ya mwisho ni *kh* kama ya kheri. Alan Gardiner, ambaye sarufi yake ya Kimisri ilitoka mwaka 1927 na kuwafunza wanafunzi wa vizazi kadhaa, aliichukulia alama hiyo kuwa ni kanda ya kubadhi: kitanzi kinazunguka kifundo cha mguu, na ncha iliyonyooka inapita kati ya vidole. Msingi wa hoja ni kwamba neno la kanda ya kiatu lilikuwa na konsonanti zile zile za neno la uhai, na Wamisri walizoea kukopa picha ya kitu kinachoonekana ili waandike neno la sauti hiyo hiyo lisiloweza kuchorwa. Wapo wataalamu wengine wanaoiona alama hiyo kuwa ni fundo au tai ya kitambaa, na mjadala haujafungwa.

Kama Gardiner ana haki, basi ndani ya jina la Tutankhamun, lenye maana ya sura hai ya mungu Amun, katikati kabisa, mmefichwa kanda ya kiatu. Anayejua kandambili hawezi kushangaa sana. Kanda ndiyo inayoshika.

Walioko chini

Nimeitaja dhahabu ya Tutankhamun; sasa lazima niitaje jozi yake nyingine, nayo si ya kufurahisha. Ni makubadhi ya mbao yaliyopambwa kwa gome la mti, ngozi ya kijani na dhahabu. Juu ya wayo, pale mguu unapotua, wamechorwa mateka wawili waliofungwa: mmoja Mnubi, mwingine mtu wa Asia. Wamezungukwa na pinde. Pinde Tisa lilikuwa jina la jumla la maadui wote wa Misri. Kwa hiyo kila hatua ya kijana yule wa kifalme ilikuwa ni ushindi. Hakuhitaji kwenda vitani. Alihitaji kuvuka chumba tu. Na akiketi, miguu yake ilipumzika juu ya vibao vyenye picha za watu wale wale.

Ufundi huo haukuishia viatuni. Mwaka 1891 na 1892 Flinders Petrie alifukua sakafu iliyopakwa rangi katika kasri kuu la Amarna, mji wa Mfalme Akhenaten. Kando kulikuwa na madimbwi, samaki na ndege kati ya mimea. Katikati ilipita njia ya kutembelea, na juu ya njia hiyo walipangwa mateka na pinde, kwa zamu. Karne nyingi baadaye, wakati wa utawala wa Wagiriki na Warumi, maiti zilitengenezewa vifuniko vya miguu ambavyo upande wa chini vilichorwa mateka waliofungwa. Hata raia wa kawaida, akifa, alipewa adui wa kukanyaga.

Na lugha ilifuata nyayo za picha. Katika maandishi ya kifalme, nchi zote husemwa kuwa ziko chini ya makubadhi ya mfalme. Barua za Amarna, zilizoandikwa kwa Kiakadi juu ya vigae vya udongo na kufukuliwa mwaka 1887, zinatuonyesha upande wa pili wa usemi huo. Abi-Milku, mtawala wa Tiro, akimwandikia farao, anajiita uchafu ulio chini ya makubadhi ya bwana wake. Ni maneno ya itifaki, bila shaka; kila mtu wa cheo chake alijishusha vivyo hivyo kabla ya kuomba maji, kuni au askari. Lakini itifaki ni ushairi uliokwisha kuzoeleka. Mtu alikwisha kufundishwa kukaa, kwa hiari yake na kwa kalamu yake mwenyewe, mahali alipochorwa na msanii wa mfalme.

Historia ilikuwa na majibu yake. Katika karne ya 8 KK, wafalme wa Kushi walitoka Nubia wakaitawala Misri yote, wakavaa taji na kujichonga katika sanaa ya mafarao. Aliyekuwa chini ya wayo akapanda juu yake. Nayo ile sakafu ya Amarna ilipata mwisho ambao mtunzi wa hadithi angeogopa kuubuni. Petrie aliihifadhi kwa uangalifu mkubwa, na wageni wakawa wanakwenda kuitazama. Hawakutengenezewa njia, basi wakawa wanayakanyaga mashamba ya wenyeji. Mwaka 1912, usiku mmoja, mtu wa kijijini aliivunjavunja sakafu ile. Mateka wale walichorwa ili wakanyagwe. Aliyewaondolea miguu alikuwa mkulima ambaye shamba lake nalo lilikanyagwa.

Sakafu inayouliza

Isidhaniwe kwamba kiatu kilisema habari za nguvu pekee. Kilisema pia habari za usafi. Herodoto, Mgiriki aliyeandika katika karne ya 5 KK, anaeleza kwamba makuhani wa Misri walivaa kitani na viatu vya mafunjo tu, si vinginevyo. Na katika Kitabu cha Wafu, ile sura ya 125 ya hukumu mbele ya Osiris, inaagizwa kwamba asemaye maneno yale awe safi, amevaa nguo, ametiwa wanja, amepakwa manemane, na miguuni ana viatu vyeupe.

Katika sura hiyo hiyo lipo tukio ambalo naliona kuwa miongoni mwa mambo mazuri kabisa yaliyobuniwa kuhusu miguu. Marehemu amekwisha kujitetea, anataka kuingia ukumbini. Sehemu za mlango zinamhoji moja moja, kila moja ikidai aitaje kwa jina lake. Mwisho sakafu nayo inasema. Inamkataza kuikanyaga, kwa kuwa yenyewe ni safi, na kwa kuwa haiyajui majina ya miguu yake miwili. Marehemu huyataja, mguu wa kulia na wa kushoto, ndipo huruhusiwa kupita.

Watu wale wale waliopaka mateka kwenye sakafu ya mfalme walibuni pia sakafu yenye haki ya kumkataa mtu. Duniani, mwenye kiatu hakuulizwa. Ahera, kinachokanyagwa ndicho kinachouliza.

Fundi asiye na jina

Amebaki mmoja: aliyeshona. Katika Mafundisho ya Kheti, andiko lililowapendeza sana walimu wa ukarani, baba anampeleka mwanawe shuleni na njiani anazisimanga kazi zote isipokuwa kuandika. Mshona makubadhi anapata sehemu yake: taabu haimwachi, na chakula cha meno yake ni ngozi. Ni mzaha wa mtu anayejua kuandika dhidi ya mtu asiyeweza kumjibu. Katika andiko jingine, Maonyo ya Ipuweri, mwandishi anaomboleza dunia iliyopinduka, na mfano mmoja wa maafa ni kwamba mtu ambaye hakuweza kujipatia makubadhi sasa ni tajiri. Kwa huyu mwandishi mwenye viatu, maskini kupata kiatu ni dalili ya mwisho wa nyakati.

Tunajua jina la Narmer, la Den, la Weni aliyebeba, la Tutankhamun aliyevaa. Msusi ambaye ususi wake uliigwa kwa dhahabu hatumjui. Walioandika hawakuona sababu ya kumtaja.

Nasi je?

Huko Sakara, Ptahshepses wa nasaba ya tano aliandika kaburini mwake kwamba mfalme alimruhusu kuubusu mguu wake badala ya kubusu ardhi. Ilikuwa heshima ya kuandikwa kwenye jiwe. Nikilisoma hilo siwezi kujizuia kufikiria shikamoo, ambayo asili yake huelezwa kuwa ni kusema kwamba nashika miguu yako. Kila siku mamilioni ya watu huinama kwa neno bila kuinama kwa mwili, na anayeinamiwa hujibu marahaba. Tofauti ni kubwa. Mguu wa Ptahshepses ulikuwa wa mtu mmoja aliye juu ya wote; wetu ni wa kila aliyetutangulia kuzaliwa, na mwamkiaji wa leo ndiye mwamkiwa wa kesho. Heshima inayozunguka si sawa na heshima inayokandamiza, ingawa zote mbili zimeanzia miguuni.

Ndiyo maana nawaomba watunzi wenzangu wazipime sitiari zao za miguu. Tunaposifu kwa kusema fulani amewatia wenziwe chini ya nyayo, tunamchora mtu kwenye wayo, kama fundi wa Tutankhamun. Huenda anastahili, huenda hastahili. Lakini yupo pale, ana uso, na mikono yake imefungwa nyuma. Kwa hiyo nimeitungia ile sakafu beti mbili, ili swali lake lisiishie kwa marehemu wa Misri.

Sakafu yasema nani, nani anayeingia,
Taja jina hadharani, la mguu nakwambia,
Na aliye kiatuni, jina utamtajia?
Aliyeko unyayoni, ndiye nakuulizia.

Na fundi wa kiamboni, ngozi aliyeng'atia,
Jina lake hatuoni, mwandishi kaliachia,
Pekupeku mavumbini, jioni hujirudia,
Aliyeko unyayoni, ndiye nakuulizia.